Adoyo na Mchoro Usiofunguka

Watu wa ploti yetu ya kupanga hapa mtaa wa Mowlem walikuwa na maneno mawili kuhusu Adoyo: kwamba ana akili nyingi, na kwamba akili hizo hazimsaidii. La kwanza ni kweli. La pili lilikuwa likiniudhi sana, maana waliolisema ndio hao hao waliompelekea simu zao zikifa, redio zikikwaruza na pasi zikiwapiga shoti. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko pale langoni, naona kila anayeingia na kutoka, na wote nawajua tabia. Nikianza kuwataja hatutamaliza leo.

Adoyo aliishi mlango unaofuata wangu pamoja na baba yake, Mzee Jackton, mstaafu wa reli. Mama yake alikuwa amefariki, na kaka zake wameoa wakatawanyika. Mchana alifundisha elektroniki katika chuo kidogo cha mjini, kimoja cha vile vilivyo orofani juu ya duka la viatu. Jioni alirudi, akampikia mzee, kisha akaketi mbele ya kompyuta yake. Ilikuwa ya mezani, sanduku zito la chuma, na haikuwa na Windows. Ilikuwa na Linux, mfumo wa bure unaopendwa na watu wanaotaka kujipangia mambo yao wenyewe. Ukiiwasha ilikuletea skrini nyeusi iliyojaa maandishi meupe, na asiyejua alidhani imeharibika.

Kazi aliyoifanya kwenye skrini hiyo ilikuwa kuchora chipu. Alipolitaja neno hilo mara ya kwanza pale bombani, hakuna aliyekosa kumuuliza kama chipsi hizo zitakuja na kachumbari. Akacheka nao. Baadaye akanieleza mimi peke yangu, kwa kuwa nilimuuliza kwa heshima. Chipu ni kile kipande cheusi chenye miguu ya chuma kilicho ndani ya simu, redio na remoti, na ndani yake mna njia za umeme nyembamba ambazo jicho halizioni. Mtu anazichora njia hizo, kiwanda cha ng'ambo kinazichonga. Chipu ya Adoyo ingekaa ndani ya soketi ikichunga stima, na ikiona imepanda, inakata kabla friji haijaungua. Nani hapa Mowlem hajaunguza friji? Yangu siku hizi ni kabati la unga.

Na haikuwa ndoto tu. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa limetoa nafasi mwaka huo kwa wachoraji wadogo wa nchi zetu wapeleke michoro yao, ichongwe pamoja bila malipo. Adoyo aliomba, akapata. Michoro ilitakiwa ifike kabla Machi haijaisha, na walisema wazi kwamba nafasi hiyo haitarudiwa. Nilimwona siku alipopata jibu. Alikuja akasimama mbele ya cherehani yangu akitabasamu, mpaka nikamuuliza kama amepata mchumba.

"Mchumba wa nini, Mama Muriuki," akasema. "Nimepata kiwanda."

Shida ilikuwa programu ya kuchorea. Za kisasa ni za makampuni makubwa, na mtu wa kawaida hazishiki. Za bure zipo, alisema, lakini kwa kazi yake ya kupima stima hazikumtosha. Aliyoijua vizuri ilikuwa programu moja ya zamani aliyofundishiwa chuo kikuu. Kampuni iliyoiandika ilishakufa. Mwalimu wake alipostaafu alimwachia maandishi yote ya ndani ya programu hiyo, mistari kwa maelfu, akamwambia ni yake akiweza kuiamsha. Iliandikwa kwa ajili ya mashine kubwa za enzi nyingine, na Adoyo alitaka ifanye kazi kwenye Linux ya leo.

Mimi nilimwelewa kwa njia ya cherehani. Niliwahi kuifunga mota ya kisasa kwenye Singer ya mguu ya marehemu mama yangu. Mota ilikuwa nzima, Singer ilikuwa nzima, lakini zikikutana ni vita. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Programu ilitaka vipande fulani vya kuchorea madirisha ambavyo Linux ya sasa ilishavitupa, ikabidi avitafute na kuvijenga upya. Halafu ikawa inakufa kila inapofunguka. Akagundua kwamba zamani anwani za vitu ndani ya kompyuta zilikuwa fupi na siku hizi ni ndefu. Programu ilikuwa inaikata anwani nusu, inakwenda kutafuta kitu kwa nusu iliyobaki, haikipati, inaanguka. Kosa hilo halikuwa mahali pamoja, lilikuwa limesambaa kila kona kama chawa katika nguo kuukuu. Alilitoa hapa likaonekana pale. Halafu kulikuwa na namba: mashine za zamani ziliziandika kuanzia mbele, hizi zetu zinazisoma kuanzia nyuma, kwa hiyo njia aliyoichora nyembamba ikatoka nene hadi ikajaza skrini nzima.

Alikuwa amehangaika na jambo hilo miaka, tangu kabla nafasi ile haijatangazwa. Mitihani ya wanafunzi ilisahihishwa, mama yake akaugua na akazikwa, uchaguzi ukaja na kelele zake na kupita, na Adoyo bado anarekebisha mstari mmoja, anaiita programu, inakufa mahali pengine. Moshi wa jaa la taka la Dandora ukigeukia kwetu sote tulifunga madirisha, naye alifunga lake akaendelea. Wakati mwingine nilimsikia kupitia ukuta akiisema kwa Kijaluo, na sikuhitaji mkalimani.

Mwisho ikakubali. Ilifunguka ikakaa, akachora chipu yake yote humo. Kilichobaki kilikuwa sehemu ya kuutoa mchoro katika umbo ambalo kiwanda kinalisoma, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbishi kuliko zote. Jumamosi moja ya mwezi wa pili hiyo nayo ikakubali. Adoyo akatoka nje na kandambili miguu tofauti, akanishika mikono akanizungusha pale langoni mbele za wateja. Alibakiza kuipitisha chipu katika ukaguzi, arekebishe makosa ya mwisho, kisha atume.

Nakala alikuwa nayo. Nalisema hili kwa sababu baadaye kila mjuaji wa mtaa alikuja kumuuliza kwa nini hakuweka nakala, na nilitamani kuwarushia mkasi. Aliweka, kwenye diski ya pili ndani ya sanduku lile lile, kila Jumapili akitoka kanisani. Mchoro wenyewe, katika umbo la programu ile ile, ulikuwa faili dogo, nao aliuweka pia kwenye flash aliyoifunga pamoja na funguo za nyumba. Programu na marekebisho yake yote ndiyo iliyokuwa mzigo mkubwa, na kwa intaneti yetu ya bando hakuwahi kuupakia mahali pengine. Alipanga kufanya hivyo chuoni likizo ya Aprili.

Kisha mamake mdogo, aliyemlea utotoni, akafariki huko nyumbani kwao Ugenya. Kwao mazishi si ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kuna kukesha, kuna kuzika, kuna kukaa na wafiwa baada ya kuzika, na yeye akiwa kama mtoto wa marehemu hakuweza kuondoka kabla ya wenzake. Mzee Jackton alikuwa na goti baya, hakuweza safari ile. Adoyo aliiacha kompyuta ikiendelea na ukaguzi wa mchoro, kazi ya siku nyingi, akamwambia baba yake jambo moja tu.

"Baba, usiizime."

"Nyara, binti yangu, hiyo nitailinda," mzee akajibu. Nilikuwa mlangoni, nilisikia. Na aliilinda kweli. Alihamishia kiti chake mbele ya lile sanduku, akawa anakula hapo na kusikiliza redio hapo.

Stima ikapotea mchana mmoja, ikarudi kwa nguvu ile tunayoijua. Balbu mbili zililipuka kwenye ploti. Mimi nilikuwa soko la Gikomba kutafuta vitambaa, niliyakuta yamekwisha. Sanduku la Adoyo lilitoa harufu ya kuungua likanyamaza mbele ya macho ya mzee. Aliyeambiwa asiizime akaiona imezimika, na akaamini kosa ni lake. Kumpigia bintiye hakuweza, maana mtu hapigiwi simu ya kompyuta akiwa matangani. Akamwita mwenye mkokoteni, wakalipakia sanduku, akafuatana nalo kwa goti lile hadi kwenye steji ya matatu, kwa Kivuva.

Kivuva si fundi mbaya. Ana kibanda chake cha kutengeneza kompyuta na kuuza filamu, na ploti nzima tunamtegemea. Aliona kilichoungua ni kile kisanduku cha kuingizia umeme, akakitoa, akaweka kingine. Angeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini hapa kwetu kompyuta haitoki kwa fundi bila kufomatiwa, yaani kufutwa kila kilichomo. Ipeleke kwa kioo kilichopasuka, itafomatiwa. Ipeleke kwa kitufe kimoja kilichong'oka, itafomatiwa, iwekewe Windows mpya na nyimbo juu. Ndiyo heshima ya fundi. Ukirudishiwa ilivyokuwa, unalalamika kwamba hakufanya kazi. Na mzee alikuwa amemwambia atengeneze kila kitu, kwa sababu msichana anatoka matangani na akute pamenyooka.

Adoyo alirudi jioni ya Alhamisi, amenyolewa nywele, macho yamevimba. Mzee alikuwa ameniita pia, nije nione. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kochi.

"Adoyo, nyara, kuja uone," akasema. "Stima iliiua, lakini mimi nimepeleka kwa fundi. Sasa inawaka kama za watu."

Akakivuta kile kitambaa, akabonyeza kitufe. Ikaimba ule wimbo mfupi wa Windows. Halafu kwenye skrini ikatokea picha ya marehemu mama yake Adoyo, ile aliyopigwa siku ya ubatizo wa mjukuu, kapaka poda na kucheka. Mzee alikuwa ameipeleka kwa Kivuva ndani ya bahasha ili iwekwe pale. Alitaka iwe mshangao.

Nilimtazama Adoyo. Nilikuwa najua kidogo ile kompyuta inavyoonekana, na nilijua hiyo siyo. Alisogea akashika kipanya, akafungua hapa, akafungua pale, taratibu sana. Kisha akakiachia. Baba yake alikuwa akimwangalia usoni kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Asante, Baba," akasema.

"Umependa?"

"Nimependa sana."

Akasema anakwenda kununua maziwa. Nilimfuata. Hakwenda dukani, alikwenda moja kwa moja stejini. Kivuva alipotuona akafurahi.

"Sasa, madam! Pole na matanga. Ile mashine iko fiti, ama?"

"Kivuva, ile system ilikuwa ndani uliipeleka wapi?"

"System gani? Haikuwa na system. Niliwasha nikapata screen ni black, maandishi imejaa. Nikajua hapa virus imekula Windows yote. Nikaweka mpya."

"Na disk ya pili?"

"Hiyo ndo ilikuwa imeharibika kabisa. Ilikuwa inaniambia nifomat ndio isome. Nikafomat, nikakujazia movies, series, na gospel za mzee. Nimeijaza mpaka juu, haki. Nilisema hiyo ni rambirambi yangu."

Adoyo akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni. Akamweleza kwa sauti ya chini kilichokuwamo. Kivuva alisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nimemwandalia maneno njiani, ya kumpasua masikio yeye na ukoo wake. Hayakutoka. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili akisema, "Sista, sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

Walijaribu kuyafufua. Kivuva alifunga kibanda chake siku mbili, wakakaa humo na diski zile wakizipekua kwa programu za kutafuta vilivyofutwa. Vilitoka vipande vya maandishi vilivyokatika katikati, kama gazeti la kufungia nyama, na juu yake filamu za mapigano. Zile nyimbo za mzee zilikuwa zimekaa pale pale yalipokuwa marekebisho ya Adoyo.

Maandishi ya asili ya mwalimu yalipatikana, mwalimu alikuwa bado na nakala yake. Kwa hiyo Adoyo akaanza upya. Alimwambia baba yake ana kazi nyingi chuoni, akawa anakwenda kutumia kompyuta ya Kivuva pale kibandani, akiweka tena Linux, akijenga tena vile vipande vya zamani. Nilimpelekea chakula. Baadhi ya makosa aliyakumbuka, akayarekebisha haraka. Mengine alikumbuka tu kwamba yalimtesa. Kazi ile ilikuwa imemtoka kidogo kidogo kwa miaka, na sasa aliitaka yote kwa wiki. Programu ilifunguka, ikasimama kidogo, ikafa. Ilifunguka, ikafa.

"Mama Muriuki," aliniambia siku moja, chakula kikipoa mbele yake, "kila nikifika mahali nilishawahi kufika, nataka kulia. Najua nilishapita hapa. Najua nilipata njia. Siijui tena."

Mchoro ulikuwapo. Hilo ndilo lililoniuma roho kuliko yote. Aliichomeka ile flash yake, funguo za nyumba zikining'inia, akanionyesha faili, jina lake na tarehe yake. Chipu nzima imo humo ndani, alisema, kila njia, kila kona. Akajaribu kuufungua kwa kila programu ya bure iliyokuwapo. Hakuna iliyoutambua. Duniani kote ilikuwapo programu moja tu ya kuufungua, nayo ilikuwa kwenye lile sanduku mezani kwake, chini ya sinema.

Aliwaandikia wale wa ng'ambo akiomba aongezewe muda. Mtu mmoja aitwaye Gordon alimjibu kwa upole sana. Alimpa pole ya msiba na pole ya kompyuta, akasema kiwanda hakimngoji mtu, nafasi yake itabaki tupu kwenye bamba ambalo michoro yote huchongwa pamoja. Ule upole ulinikasirisha kuliko kama angemtukana. Adoyo alisoma, akazima simu, akaniomba nimwachie nafasi. Machi ikaisha hivyo. Siku ya mwisho hakwenda kibandani wala kazini. Alilala kitandani ameelekea ukutani, akamwambia mzee ni malaria.

Nilimwambia amweleze baba yake. Nilimwambia kwa ukali, maana mzigo wa namna ile haubebwi na mtu mmoja.

"Nimweleze nini?" akaniuliza. "Kwamba ni yeye? Goti lile alilitembeza mpaka stejini kwa ajili yangu. Nikimwambia, atakufa akijua ni yeye. Wewe na Kivuva mnyamaze."

Mzee alipomuuliza kama mchoro umeshakwenda, akamjibu, "Nimeutuma, Baba." Mzee alitoka nje akapiga simu kwa ndugu zake wote, mmoja mmoja, na ploti nzima ikasikia.

Jumapili iliyofuata wakanialika kanisani kwao, pale mtaa wa Umoja. Mimi si wa kanisa lile, lakini mzee alisisitiza, alikuwa ameshona suti kwangu kwa ajili hiyo. Kwao ukifika wakati wa shukrani, mtu husimama na watu wake akaeleza alichotendewa. Mzee Jackton akasimama na mkongojo, akamvuta bintiye mbele. Adoyo alikuwa amekonda, gauni lake nililibana mwenyewe kiunoni. Mchungaji akampa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," akasema, na watu wakaitikia. "Mimi sina mengi. Namshukuru Mungu kwa baba yangu. Nilipokuwa kwenye mazishi kompyuta yangu iliharibika, na yeye na goti lake akahakikisha imetengenezwa kabla sijarudi. Ni hayo tu."

Watu walipiga makofi. Mzee akaona hawajasikia lililo kubwa.

"Waambie ya chipu," akamnong'oneza, lakini kipaza sauti kikadaka.

Adoyo akamtazama. Niliogopa. Nilidhani sasa atalia, au atasema, na kwa kweli nilitaka aseme.

"Hiyo waambie wewe, Baba," akasema, akampa kipaza sauti.

Mzee akawaambia. Aliwaambia binti yake amechora kitu kidogo kuliko punje ya mchele, kimekwenda ng'ambo kuchongwa, kitarudi, kitaingia kwenye soketi zetu, na hakuna mama hapa Umoja wala Mowlem atakayeunguza friji tena. Akina mama wakapiga vigelegele. Aliongea kwa muda mrefu kuliko mchungaji alivyopenda. Adoyo alisimama kando yake, amemshika kiwiko kwa sababu ya goti, na kila mzee alipogeuka kumuuliza, "Si ndiyo, nyara?" alitikisa kichwa kukubali.